Kuosha Nywele kwa Mali ya Shamba



Mwezi huu hatutasema habari za mahindi wala za korosho. Tutasema habari za kichwa chako na vichwa vya watoto wako. Huenda ukauliza, "Ofisi ya kilimo ina shauri gani na nywele za watu?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa kisa.

Siku moja alikuja mezani pangu mama mmoja mtu mzima, ana kichupa mkononi kilichozungushiwa karatasi ya gazeti. Ndani mlikuwa na dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe, aliyogawiwa na jirani. Alitaka nimsomee kipimo tu: vijiko vingapi kwa ndoo ya maji. Nikamwuliza ana ng'ombe wangapi. Akanijibu, "Sina ng'ombe, mwanangu. Ni kichwa cha mjukuu wangu, kimeingia chawa."

Nilimshukuru Mungu kwamba aliuliza kwanza. Dawa za kupe ni sumu. Hupenya katika ngozi ya kichwa na kuingia katika damu, na mtoto mdogo aweza kufa kwa kiasi kidogo tu. Nilimweleza hayo yote, naye akakubali kukirudisha kichupa kwa mwenyewe. Lakini kabla ya kuondoka alisimama mlangoni akaniuliza, "Basi nimwoshe kwa nini? Sabuni imeshindwa, na ile ya chupa ya dukani siiwezi bei yake."

Hapo niliona kwamba neno "usifanye" halitoshi. Mtu akikatazwa jambo yafaa aonyeshwe jingine la kufanya. Makala haya ni jibu la mama yule, na ni jibu kwa wakulima wote wa skimu zetu za Kwale, kuanzia Shimba Hills hadi pwani. Vitu vinavyotakiwa vingi viko shambani mwako. Kinachotakiwa zaidi ni kujua kazi ya kila kimoja.

SABUNI IMESHINDWA, AU NI MAJI?

Wakulima wa Shimba Hills, ambako watu walianza kugawiwa mashamba katika miaka ya 1950, hawasikiki sana wakilalamika kwamba nywele hunata baada ya kuoshwa. Wanaolalamika ni wale wa chini, wa Tiwi, Diani na kwendelea. Sababu yake iko chini ya miguu yao.

Vilima vya Shimba ni vya mawe ya mchanga. Maji ya mvua hupenya humo na kutoka katika chemchemi bila kubeba chokaa nyingi. Lakini sehemu kubwa ya ukanda wa pwani imekaa juu ya matumbawe ya zamani, yaani mawe yaliyojengwa na wadudu wa baharini zamani sana. Mawe hayo ni chokaa tupu. Maji ya kisima kilichochimbwa humo huwa yameyeyusha chokaa ile na kuichukua. Maji ya namna hiyo huitwa maji magumu. Visima vilivyo karibu sana na bahari huongeza na chumvi juu yake.

Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali. Ikikutana na chokaa iliyomo katika maji, hushikana nayo na kuwa utando mweupe usioyeyuka. Utando huo ndio unaouona ukielea katika karai la kufulia, na ndio unaobaki katika nywele. Mtu huziona nywele zake zinanata na kukauka, akadhani hazijatakata, akaongeza sabuni. Kadiri anavyoongeza ndivyo utando unavyozidi.

Waweza kuyapima maji yako leo hii, nawe mpe mtoto wa shule akusaidie:

1. Chukua chupa mbili safi zilizo sawa. Moja itie maji ya mvua, ya pili maji ya kisima chako, kila moja nusu.

2. Kwangua sabuni ya mche, utie katika kila chupa kiasi kile kile, kama cha ncha ya kijiko.

3. Ziba chupa, uzitikise kwa nguvu huku ukihesabu hadi 30. Kisha uziweke chini.

Ikiwa chupa ya kisima ina povu dogo na maji yake yamekuwa kama maziwa, maji yako ni magumu. Dalili nyingine ni ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Chokaa ile ile inayoganda katika birika hushikana na sabuni kichwani mwako.

Basi shauri la kwanza halihusu mti wowote. Kinga maji ya mvua. Bati la mita 6 kwa mita 5 lina eneo la mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake huleta lita 300, yaani mitungi 15 ya lita 20, ukitoa kidogo kinachopotea. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, halafu ndipo uelekeze mlizamu katika pipa. Pipa lifunikwe vizuri lisizae mbu. Katika siku za masika hakuna sababu ya nyumba yenye bati kuosha nywele kwa maji ya chokaa.

Ikiwa huna maji ya mvua, yachemshe ya kisima, uyaache yapoe na kutulia, kisha uyamimine polepole ukiacha chini mashapo meupe. Kuchemsha huondoa sehemu ya chokaa. Chumvi hakuiondoi.

POVU HUFANYA KAZI GANI?

Nywele hushika jasho, vumbi na mafuta yanayotoka katika ngozi. Maji matupu huondoa vumbi na jasho, lakini mafuta hayakubali maji. Kitu chenye povu ni kama msuluhishi kati yao. Kila chembe yake ina ncha mbili: ncha moja hupenda maji, na ya pili hupenda mafuta. Ile ya pili huyashika mafuta, ile ya kwanza huyavuta pamoja na maji, na uchafu ukaondoka.

Sabuni hufanya hivyo, lakini iko miti pia iliyopewa tabia hiyo. Ndani ya majani, matunda au mizizi yake mna kitu ambacho wataalamu hukiita saponini. Ukikipiga katika maji hutoa povu. Tena saponini haishikani na chokaa kama sabuni ishikanavyo, kwa hiyo hata katika maji ya kisima cha matumbawe haiachi utando ule mweupe.

Maarifa haya si mapya. Wahindi wametumia matunda ya mti wao wa ritha tangu kale. Hata neno "shampuu" asili yake ni Kihindi, na maana yake ilikuwa kukanda. Mwanzoni mwa karne ya 19, mtu mmoja wa Patna nchini India, jina lake Sake Dean Mahomed, alifungua nyumba ya kuogea katika mji wa Brighton, Uingereza, na Waingereza wakalizoea neno hilo kwake. Shampuu ya unga ya dukani ilikuja baadaye. Hans Schwarzkopf alianza kuiuza mjini Berlin mwaka 1903. Kabla ya hapo watu wa dunia hawakuwa wakikaa na vichwa vichafu.

Sisemi kwamba shampuu ya dukani ni sumu. Ni kitu kizuri kwa anayekiweza. Lakini fanya hesabu: nyumba inayotumia chupa moja ya shilingi 200 kila mwezi hutoa shilingi 2,400 kwa mwaka. Fedha hizo zaweza kununua mbegu, au daftari za watoto.

MKUNAZI

Kwa sisi wa pwani mti wa kwanza ni mkunazi. Wengi mwaujua kwa matunda yake tu, zile kunazi ambazo watoto hula njiani wakitoka shule. Majani yake yana saponini, na yakipondwa hutoa povu na utelezi.

Nilipolisema jambo hili katika mkutano mmoja wa akina mama, mmoja wao aliguna akasema, "Bwana Karani, wataka tuoge kwa majani ya maiti?" Wenziwe wakacheka, lakini neno lake lilikuwa na msingi. Ni kweli kwamba Waislamu, hapa pwani na kwingineko, hutia majani ya mkunazi katika maji ya kumwoshea marehemu. Basi fikiri: mtu hataki kumwosha mpendwa wake kwa kitu kibaya. Majani haya yanatakasa na hayachubui ngozi. Nao walio hai huyatumia vile vile. Huko Oman na nchi nyingine za Ghuba wanawake huoshea nywele unga wa mkunazi, ambao kwa Kiarabu huitwa sidri, na unga huo huuzwa madukani. Jamaa zetu wanaosema Kiswahili huko waujua vyema.

Kuutengeneza fuata njia hii:

1. Chuma majani mabichi yaliyokomaa, yasiyo na madoa. Jihadhari na miiba. Yaoshe kwa maji safi.

2. Yaanike kivulini juu ya jamvi siku 3 au 4, ukiyageuza. Ukiyaanika juani yatapoteza rangi. Yakiwa tayari huvunjika ukiyafikicha.

3. Yatwange katika kinu, uchekeche kwa chekecheke laini. Makapi yatwange tena.

4. Weka unga katika kopo kavu lenye kifuniko. Ukiingia unyevu utaota ukungu, na unga wenye ukungu utupwe.

Siku ya kuosha, chukua vijiko vikubwa 3 vya unga, utie maji ya vuguvugu kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka uwe kama uji mwepesi. Upige kwa mkono utoe povu. Lowesha nywele, upake uji huo katika ngozi ya kichwa, ukande kwa ncha za vidole wala si kwa kucha. Acha dakika 5 hadi 10, kisha suuza kwa maji mengi mpaka yatoke safi.

Aliyesuka asitumie uji, maana chembe za majani zitakwama katika misuko. Yeye achuje kwa kitambaa na kutumia maji yake tu. Huna unga? Chukua konzi mbili za majani mabichi, uyaponde kinuni, utie vikombe 3 vya maji, ukamue na kuchuja. Maji hayo yatumike siku ile ile, kwa kuwa joto letu huyachachisha upesi.

Usitazamie povu jingi kama la dukani. Povu jingi hupendeza macho tu. Linaloonyesha kazi ni maji ya kusuuza: yakitoka na rangi ya vumbi, kazi imefanyika.

Neno moja kwa wafugaji wa samaki: maji yenye saponini ni sumu kwa samaki. Usiyamwage katika bwawa wala katika kijito. Yamwage chini ya mgomba.

NDIMU NA SIKI KWA KUSUUZA

Aliyezoea kuosha kwa sabuni katika maji magumu asikate tamaa. Utando wa chokaa huondolewa na kitu kikali cha uchachu. Kamua ndimu moja katika lita moja ya maji, uchuje mbegu, ujimwagie baada ya kuosha, kisha usuuze tena kwa maji matupu. Mahali pa ndimu waweza kutumia vijiko vikubwa 2 vya siki. Mnazi uliogemwa ukakaa hata ukawa siki hufaa pia, maadamu umechujwa.

Yako mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, usitumie maji ya ndimu bila kuyachanganya, nayo yasiingie machoni. Pili, ni lazima usuuze vizuri kabla ya kutoka juani. Maji ya ndimu yakibaki katika ngozi na jua likaipiga, ngozi hubabuka na kuacha mabaka meusi yanayokaa muda mrefu. Wengi wameungua hivyo wasijue kilichowaunguza.

NAZI: SI SABUNI, BALI NI KINGA

Watu wengi hukosea hapa. Nazi haioshi. Mafuta hayaondoi mafuta kichwani pasipo kitu chenye povu. Kazi ya nazi ni kuzilinda nywele.

Kila unywele ukilowa maji hufura, na ukikauka husinyaa, na katika kufura na kusinyaa huko hupoteza nguvu yake. Mwaka 2003 wataalamu wa India walitoa habari ya majaribio yao juu ya mafuta ya aina tatu: ya nazi, ya alizeti, na yale ya madini yanayotokana na petroli. Waliona kwamba ya nazi peke yake yalipunguza sana upotevu wa protini katika nywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada yake. Sababu yake ni kwamba chembe za mafuta ya nazi ni nyembamba na zilizonyooka, huweza kuingia ndani ya unywele, hali mengine hubaki nje.

Kwa hiyo mama zetu waliopaka mafuta ya nazi kabla ya kuoga hawakuwa wakipoteza nazi bure. Paka kidogo usiku au saa moja kabla ya kuosha, hasa kwenye ncha, kisha uoshe kwa mkunazi.

Kuyapata mafuta safi, kuna nazi kavu 3 au zaidi kwa mbuzi, ukamue tui zito katika kifumbu. Liache usiku kucha katika bakuli lililofunikwa. Asubuhi utaona mafuta mazito yameganda juu na maji yamebaki chini. Engua yale ya juu, uyapike kwa moto mdogo ukikoroga, mpaka maji yaishe na mashapo yawe ya rangi ya kahawia. Epua kabla hayajaungua, uchuje katika chupa kavu. Chicha zake wape kuku.

Mwenye mba nyingi asirundike mafuta kichwani akidhani atazifukuza. Mafuta mengi huenda yakazizidisha.

MSHUBIRI NA MWAROBAINI

Mshubiri, ambao ndugu zetu Wakamba huuita kiluma, hausafishi sana, lakini hutuliza ngozi iliyokauka. Kata jani moja nene, ulisimamishe ndani ya kikombe robo saa ili ule utomvu wa manjano utoke wote. Utomvu huo huwasha ngozi, haufai. Kisha menya, uchukue nyama iliyo kama maji ya kioo, uiponde na kupaka baada ya kuosha. Acha dakika 10, usuuze.

Usiende kung'oa mshubiri wa porini. Mwaka 1986 Serikali ilipiga marufuku uvunaji wake, na mwaka 2007 zikatolewa kanuni za kuusimamia. Omba chipukizi kwa jirani, uupande mpakani mwako. Vivyo hivyo usikate kitu katika kaya. Misitu ya kaya za Wamijikenda, pamoja na Kaya Kinondo pale Diani, imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2008, na kabla ya hapo wazee walikuwa wameilinda kwa miiko yao. Mkunazi wako uwe wa shambani mwako.

Mwarobaini, ambao wengine hapa huuita mkilifi, hutumiwa na wengi kwa kichwa kinachowasha. Chemsha konzi moja ya majani katika lita moja ya maji, uache yapoe, uchuje, ujimwagie mwisho. Lakini mafuta ya mbegu zake yasinyweshwe mtoto hata tone moja. Watoto wachanga wamekwisha dhurika kwayo.

KABLA YA KUTUMIA, JARIBU

Kitu kuwa cha shamba si ushahidi kwamba hakina madhara. Kila ngozi ina tabia yake. Paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, ungoje siku nzima. Ikiwasha au ikivimba, acha.

Uchumapo majani nyuani, jihadhari na mnyaa, ule wenye utomvu mweupe. Utomvu wake ukiingia jichoni waweza kupofusha. Ukiingia, osha jicho kwa maji mengi safi, uende hospitali mara moja.

Na vitu vifuatavyo visiguse kichwa cha mtu:

1. Dawa ya kupe, dawa ya wadudu wa mimea, na dawa ya kuhifadhi mahindi. Zote ni sumu.

2. Mafuta ya taa. Huunguza ngozi, na mtoto aliyepakwa akikaribia jiko aweza kushika moto.

3. Sabuni ya unga ya kufulia. Imetengenezwa kwa nguo, ni kali mno kwa ngozi.

4. Magadi na majivu. Huzifanya nywele zikatike na ngozi ichubuke.

CHAWA NA MAPUNYE

Sasa twarudi kwa mjukuu wa yule mama. Mkunazi hauui chawa, wala sitaki kumdanganya mtu. Njia isiyo na sumu ni hii. Osha kichwa, upake mafuta ya nazi ili kitana kipite na chawa wasikimbie upesi. Chukua kitana chenye meno ya karibu-karibu, uchane fungu moja moja tangu kwenye ngozi mpaka ncha, ukipangusa kitana katika kitambaa cheupe kila mara. Fanya hivyo siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13. Usiache katikati ukiona wametoweka, kwa sababu mayai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10, na watoto wao wataanza upya. Wachunguze watu wote wa nyumba siku ile ile. Kwa mtoto mwenye nywele za kipilipili, kunyoa ni rahisi zaidi, wala si aibu.

Mapunye ni jambo jingine. Ukiona mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, yenye magamba, huo ni ugonjwa wa ukungu uliokaa katika shina la unywele. Kuosha hakuuponyi, na hata marhamu ya kupaka peke yake haifiki huko ndani. Dawa yake ni ya kumeza, nayo hutolewa kwa kipimo na mganga. Mpeleke mtoto katika zahanati iliyo karibu, au hospitali ya Kwale au ya Msambweni. Wakati huo asishirikiane na wenzake kitana, kofia wala mashine ya kinyozi isiyosafishwa.

LA KUFANYA MSIMU HUU

Kabla ya mvua kuanza, kusanya kokwa za kunazi zilizoiva, uzioshe, uziloweke maji siku moja, uziatike katika vifuko vya udongo mwepesi. Gumba lake ni gumu, kwa hiyo baadhi ya wakulima hulipasua kidogo kwa nyundo, wakiangalia wasiivunje mbegu iliyo ndani. Miche ikifika urefu wa goti, ipande mpakani mvua itakaposhika, ukiizungushia miiba, maana mbuzi huipenda sana. Mkunazi ukishika mizizi huvumilia ukame, hata kule bara ya Kinango. Mti mmoja uliokomaa utakupa majani ya nyumba nzima, kunazi za watoto, na maua ya nyuki.

Kwa hiyo kumbuka mambo haya manne. Pima maji yako kwanza. Osha kwa mkunazi. Suuza kwa uchachu kidogo ikiwa maji ni magumu. Linda nywele kwa nazi. Aliye na swali juu ya miche amwone Bwana Shamba wake. Aliye na swali juu ya ugonjwa amwone mganga.

Na leo jioni, kabla hujalala, tazama mahali unapoiweka dawa ya kupe. Ikiwa imo katika chupa ya soda, au iko mahali ambapo mkono wa mtoto wafika, iondoe. Dawa ikae katika chombo chake chenye maandishi, ndani ya sanduku lenye kufuli. Wala jirani akiomba kidogo usimmiminie kabla ya kumwuliza, "Una ng'ombe wangapi?"